Siku Bibi Alipomkataa Shetani kwa Sauti

Sikufichi, ndugu msomaji: mimi ni mtu wa wivu. Wenzangu wana kisukari, wana presha, mimi nina wivu, na tumezoeana. Pasaka iliyopita nilikuwa kanisani hapa Kilakala, Morogoro mjini, wanabatizwa watoto na watu wazima wachache. Padre anachota maji kwa jagi la plastiki, mpiga picha kasogea mpaka karibu achovye kamera, mama wa mtoto anahangaika gauni la mwanawe lisilowe. Muda si muda, amina, twendeni ukumbini pilau lisipoe. Watu wanapiga vigelegele, na mimi nimekaa kwenye benchi nasikia kitu kinanipanda kifuani. Nikakijua. Haukuwa wivu wa mjini huu. Ulikuwa ule wa Matombo milimani, wa utotoni, na ulikuwa bado na nguvu zake zote. Kesho yake, Jumatatu ya Pasaka, nikapanda zangu mlimani.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa kwenye mgongo wa kilima. Mbele ya uwanja ardhi inashuka migombani mpaka mtoni, kisha inapanda tena, na juu ya upande wa pili, kule jua linakozama, ilikuwa nyumba ya bibi mdogo, mdogo wake bibi wa tumbo moja. Ukikohoa kwa bibi, kwa bibi mdogo wanakupa pole. Asubuhi niliamshwa na kinu cha ng'ambo kabla ya jogoo wa kwetu. Uwanjani kulikuwa na magome ya mdalasini yaliyoanikwa kwenye mkeka chakavu, na harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye chai, mpaka kwenye daftari za shule. Mama yangu alikuwa kiwandani mjini, baba alikuwa huko alikokuwa, na mimi nilikuwa mtoto wa bibi. Peke yangu. Mkeka mmoja, bakuli moja, magimbi ya kuchoma tunagawana kwa mkono. Nilidhani ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Wewe wa umri wangu unaikumbuka. Duka la pale misheni, ambalo tangu nizaliwe lilikuwa na chumvi, viberiti na mwenye duka anayesinzia, ghafla likawa na sabuni za kunukia na maziwa ya kopo. Mnadani yakaja mabelo ya mitumba, watu wakavaa makoti ya baridi ya Ulaya kwenda kupalilia. Malori ya Dar yakawa yanapanda mpaka kwetu kufuata ndizi na mafenesi, na baada ya ndizi yakafuata mbao. Hapo ndipo bibi mdogo alipouza mvule wa mama yao, mti uliokuwa umesimama karibu na makaburi ya ukoo, na kwa mti ule akaezeka nyumba yake bati. Bati la kwanza bonde zima. Saa za mchana liliwaka mpaka unafumba macho. Bibi akaapa hatakanyaga kule, na bibi mdogo akasema asiyekuja haitwi. Masika yakaja yakapita, hawasemeshani, na mimi mtoto nikaizoea hali hiyo.

Ndipo akaletwa yule wa Mikese.

Alikuwa mtoto wa mama mkubwa, rika langu kabisa. Mama yake aliuza machungwa barabarani pale Mikese, mabasi yakisimama anakimbilia dirishani, akaona mtoto naye ameanza kukimbia na sinia kichwani. Akamleta kwa bibi akasome. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi sikupona. Siku ya kwanza alichukua nusu ya mkeka. Siku ya pili akajua kumkanda bibi magoti, tena akajua vizuri, maana bibi alifumba macho akasema, "Mikono hii ilikuwa wapi siku zote?" Na mimi niliyekuwa namkanda siku zote nimesimama pale pale!

Sasa sikiliza lililonikera zaidi. Yule wa Mikese hakuwa amebatizwa. Baba yake Mwislamu, mama yake Mkristo, walikubaliana mtoto atachagua mwenyewe akikua. Na bibi yangu naye hakuwa amebatizwa. Usishangae. Watoto wake wote aliwapeleka kwa padre, mimi mwenyewe nilipelekwa ningali mchanga nimelala fofofo, lakini yeye kila akiulizwa alijibu, "Bado nina kazi." Alipoona mjukuu wa Mikese anaandikishwa ukatekumeni, yaani mafundisho ya wanaojiandaa kubatizwa, naye akajitosa. Wakawa wanakwenda pamoja, bibi na fimbo yake, yule mwingine kabeba kigoda cha bibi. Nilipowafuata, katekista akanigeuza mlangoni.

"Wewe umeshabatizwa. Nenda kateke maji."

Katekista wetu alikuwa mtu mrefu mwembamba mwenye baiskeli isiyo na kengele, akishuka kilima anapiga kelele mwenyewe, "Kengele! Kengele!" Alikuwa ametoka kwenye kozi ya makatekista, na amerudi na moto wa Wakristo wa kwanza. Kila jambo Wakristo wa kwanza. Ukipiga chafya katekista anakwambia Wakristo wa kwanza walipigaje. Mimi nilijifunza yote nikiwa nje chini ya dirisha, ndoo tupu mkononi. Alifundisha kwamba zamani zile mtu hakubatizwa kwa sababu tu amezaliwa. Alikaa mafundishoni miaka, anaangaliwa anaishije: je, anawatembelea wagonjwa? Anawajali wajane? Ndipo anapokelewa. Alifundisha kwamba walipenda maji yanayotembea, ya mto, na kama hayapo basi yoyote yaliyopo. Na kwamba anayebatizwa alifunga kula, na anayembatiza naye akafunga, na watu wa nyumbani wanaoweza wakafunga pamoja naye. Hapo bibi aliguna, akasema, "Hao walikuwa na umoja."

Kuhusu toba alikuwa na maneno yake, nayakumbuka mpaka leo. "Toba si kulia," alisema. "Toba ni kugeuka. Mtu anayetakiwa Morogoro, yeye anakwenda Kisaki, upande mwingine kabisa. Anaweza kulia njia nzima na bado akafika Kisaki. Ageuke!" Wote walicheka. Lakini alipoeleza kwamba maji ya ubatizo yanaosha kila kitu cha nyuma, mimi kule nje nilishindwa kuvumilia, nikasimama dirishani.

"Shikamoo, Mwalimu. Na huyu wa Mikese ataungama lini?"

"Haungami. Ubatizo unafuta yote."

"Hata nyama ya Krismasi aliyodokoa chunguni?"

"Hata hiyo."

Loo! Niambie wewe, haki hiyo? Mimi kila mwisho wa mwezi napiga magoti kwenye kiti cha kitubio, natetemeka, namtajia padre nilimtukana nani na nilisema uongo gani, napewa malipizi ya kusali. Yeye anamwagiwa maji, kwisha habari yake, msafi kama yai. Na ubatizo wangu niliumaliza nikiwa sina hata jino, sina dhambi ya maana ya kuoshwa! Niliona nimepunjwa. Nakwambia kweli, niliona Mungu mwenyewe kanipunja.

Jumapili ndiyo ilikuwa mateso. Katekista alimshawishi padre afanye kama zamani: mahubiri yakiisha, wakatekumeni wanaombewa, kisha wanatoka nje, kwa sababu meza ya Bwana bado si yao. Basi bibi anainuka, yule wa Mikese anamshika mkono, wanatoka na wenzao wachache, mlango unafungwa. Ndani tunabaki sisi wenye haki. Na mimi mwenye haki nasikia nini? Nasikia wanacheka nje. Nasikia bibi anasimulia habari ya fisi, hadithi yangu, na harufu ya fenesi lililopasuliwa inapita chini ya mlango. Ibada nzima nilikuwa nimekunja ngumi. Wenzangu wanamwonea huruma aliyetolewa nje, mimi nataka nitolewe.

Lakini bibi alikuwa na kikwazo chake, na sote tulikijua. Kwaresima ilipoingia katekista akasema wazi: Wakristo wa kwanza walifundishwa kwamba mwenye ugomvi na mwenzake asijiunge nao mpaka wapatane kwanza. Akamtazama bibi. Bibi akatazama fimbo yake.

"Mimi sina ugomvi na mtu," akasema. "Watu ndio wana ugomvi na mti wa mama yangu."

"Bibi, Pasaka inakaribia."

"Basi ije, inikute hapo nje. Kuna waliongoja mpaka kitanda cha kufa, si ulisema mwenyewe? Wale walikuwa na akili."

Yule wa Mikese alilia siku ile. Alikuwa amejiapiza watabatizwa pamoja, na sasa alisema bibi asipobatizwa naye habatizwi. Bibi akamkumbatia. Nilipoona vile, na mimi nikaanza kulia, nikaulizwa nalia nini, nikasema moshi.

Katikati ya Kwaresima katekista akaja kuwafanyisha mazoezi uwanjani kwetu, kwa sababu magoti ya bibi yalikuwa yamegoma kupanda misheni. Akaeleza desturi. Zamani aliyekuwa akibatizwa alisimamishwa kwanza ameelekea magharibi, upande wa jua kuzama, upande wa giza. Ananyoosha mkono mbele kama anayemsukuma mtu mlangoni, anamkataa Shetani kwa sauti. Halafu anageuka, anaupa mgongo upande ule, anaelekea mashariki, anakiri imani yake. "Huko ndiko kugeuka kwenyewe," akasema. Akawapanga mstari: bibi, yule wa Mikese, na wakatekumeni wengine wa kijijini. Mimi nilikuwa napepeta mchele pembeni, jicho moja kwenye ungo.

Katekista wa watu alikuwa na bidii, lakini hakufikiri jambo moja. Magharibi ya uwanja wa bibi kuna nini? Kuna nyumba ya bibi mdogo. Na bibi mdogo alikuwa amekaa barazani kwake, chini ya lile bati linalowaka, anamenya ndizi.

"Je, mnamkataa Shetani?"

"Namkataaa!" Mikono yote imenyooka kule ng'ambo.

"Na kazi zake zote?"

"Nazikataaa!"

"Na fahari zake zote?"

Wenzake walijibu kama watu wa mafundisho. Bibi yangu alijibu kama anayefukuza tumbili shambani. Mkono wa wengine ulikuwa kiganja wazi, wake ulikuwa kidole, na kidole kilikuwa kimelenga paa. "NAZIKATAAA!" Bonde likaitikia. Kule ng'ambo kisu kikasimama. Bibi mdogo akanyanyuka taratibu, akaweka sinia chini, akajifunga khanga kiunoni. Mungu wangu. Tukamwona anaingia migombani, akapotea, tukasikia maji ya mto yakipigwapigwa, halafu akatokea upande wetu, khanga imelowa mpaka magotini, anapanda bila kupumzika.

"Tugeuke mashariki," katekista akasema haraka. "Haya, wote, tugeuke." Wote wakageuka. Bibi hakugeuka.

Bibi mdogo akafika uwanjani, uwanja ambao hakuwa ameukanyaga tangu mti uanguke. Alikuwa anahema.

"Shikamoo, dada," akasema, maana kwetu hata hasira haiondoi shikamoo.

"Marahaba."

"Mimi ndiye Shetani?"

Katekista akaruka katikati. "Hapana, mama, hapana! Ni mafundisho tu. Magharibi ni upande wa giza, Wakristo wa kwanza walikuwa..."

"Mwalimu, kaa pembeni na Wakristo wako wa kwanza. Mimi ni Mkristo wa hapo ng'ambo. Namuuliza dada yangu."

Fikiria, mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Katekista alikuwa ameshaufungua. Bibi alitakiwa kusema tu, "Ndiyo, mdogo wangu, ni mafundisho," tungekunywa chai, mambo yangepita.  Nami, kwa mara ya kwanza tangu yule wa Mikese aje, nikasahau kumwangalia yeye, nikamwangalia bibi tu. Niliogopa atabaki nje ya mlango wa kanisa maisha yake yote.

"Mdomo ulikuwa kwa Shetani," bibi akasema. "Macho yalikuwa kwako."

 Bibi mdogo akashika kiuno.

"Kwa sababu ya mti."

"Mti nilishauacha zamani." Sauti ya bibi ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia ndogo vile. "Ni paa. Mvua ikinyesha nasikia bati lako linapigwa, na mimi huku nahamisha mkeka na hawa watoto, tunakwepa matone. Naliombea upepo, lipae. Mvua zote hizi naliombea upepo. Ni wivu, mdogo wangu. Watu nawaambia mti, kwa sababu mti una heshima."

Basi bibi mdogo akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akakaa chini, pale pale vumbini, akaanza kucheka na machozi yanamtoka.

"Na mimi je? Unadhani chini ya bati mtu analala? Mvua ikikatika nakusikia unawahadithia hao wajukuu, mnacheka. Wangu wako Dar, hawaji. Nakaa na bati langu nasikiliza mnavyocheka. Na mimi nikakuombea ubaya, dada. Nikaombea wachukuliwe, nao waende zao."

Kwetu, ndugu wakimaliza ugomvi hawapeani mkono tu. Mwenye hasira anatia maji kinywani, anayapuliza chini, ndipo anasema amemaliza. Wazee walisema hasira haimezeki, lazima itoke na maji. Bibi akatazama huku na huku, na kabla sijajua anatafuta nini, yule wa Mikese alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na kata ya maji ya mtungini. Kha! Hata hilo akanishinda. Mgeni, hata mila hajazizoea, lakini alikuwa ameelewa.

Bibi akapuliza. Bibi mdogo akapuliza. Matone yakaruka vumbini, na mengine yakaniangukia kwenye mchele wangu. Sote tukamgeukia katekista, tukidhani atasema mambo ya kimila hayo, yaacheni. Katekista alikuwa amevua kofia. Akasema kwa upole, "Sasa, Bibi, geuka mashariki." Bibi akageuka. Na bibi mdogo aliyebatizwa zamani, ambaye hakuna aliyemwambia, naye akageuka, amemshika dada yake mkono.

Pasaka ikafika. Nyumba nzima tulifunga kula siku iliyotangulia, hata mimi, na nilihakikisha kila mtu anajua kwamba nimefunga. Katekista alishindwa kumshawishi padre abatizie mtoni, padre alisema maji ya misheni yanatosha, lakini wakakubaliana maji ya kujaza beseni la ubatizo yatekwe mtoni asubuhi ile, pale chini kati ya nyumba mbili za hao mabibi. Wakatekumeni hawakutakiwa kuchafuka. Basi nani atabeba? Nikabeba mimi. Ndoo ilikuwa na ufa karibu na ukingo, na kilima kile unakijua sasa. Kila hatua yananimwagikia, yanaingia shingoni, yanateremka mgongoni, na mbele yangu anatembea yule wa Mikese ndani ya gauni jeupe la mitumba lenye utepe kiunoni, gauni la harusi ya Wazungu, bibi mdogo kamnunulia. Nililitamani gauni lile mpaka meno yaliniuma. Mwenye wivu ajinyonge, khanga ya bibi mdogo ilisema hivyo siku ile. Nahisi aliivaa kujisema mwenyewe na dada yake, lakini mimi nilijua inanisema mimi.

Wakabatizwa. Bibi mdogo ndiye aliyesimama nyuma ya bibi, mkono begani, mama wa ubatizo wa dada yake mkubwa. Maji yalipomshuka bibi usoni alishtuka, akasema kwa sauti, "Ni ya baridi!" na kanisa zima likacheka. Ya mtoni hayo. Niliyaleta mimi. Halafu baada ya ibada, nje, katekista akaleta mambo yake: zamani waliobatizwa walipewa maziwa na asali, chakula cha watoto wachanga na cha nchi ya ahadi. Ng'ombe kwetu milimani hakuna, akakoroga maziwa ya kopo ya dukani, akatia asali ya msituni. Kikombe kikapita kwa waliobatizwa siku ile tu. Kikapita mbele ya pua yangu. Nikashindwa. Nikalia mbele ya watu, tena si kwa kusingizia moshi.

Bibi akanivuta kwake, nguo yake nyeupe bado inadondosha maji.

"Nani aliyabeba maji?"

"Mimi."

"Yalikumwagikia?"

"Mpaka mgongoni."

"Basi umelowa kabla yetu sote. Unalia nini?"

Asali je, alinipa? Hakunipa. Alikuwa ameshailamba yote.

Masika yale mvua ikizidi tulivuka mto tukalala kwa bibi mdogo. Tukagundua chini ya bati hadithi haisikiki, mvua inapiga mpaka msimuliaji anakata tamaa, basi mabibi wawili wanakaa wanatazamana na kucheka tu. Bibi akaishi miaka mingine, amebatizwa, na ulimi wake haukupungua ukali hata kidogo. Alikwenda kuungama kama sisi sote, na alilalamika njia nzima. "Kumbe yale maji yalikuwa mlango tu," alisema. "Kugeuka kwenyewe ni kazi ya kila siku, na shingo yangu imezeeka."

Jumatatu hiyo ya Pasaka nilifika juu nikakuta nyumba hakuna. Ilishaanguka siku nyingi, najua, lakini nikiwa mjini huwa naiona imesimama. Yamebaki mafiga, na mgomba umeota pale tulipotandika mkeka. Hakuna kinu ng'ambo, siku hizi mashine inasaga. Katekista alishatangulia, baiskeli yake sijui nani anayo. Mafundisho ya mjini mtoto anafundishwa chapuchapu, hakuna anayemuuliza kama anawatembelea wagonjwa, wala hakuna anayetolewa nje akale fenesi na bibi yake.

Nikasimama uwanjani, nikaelekea magharibi. Kule ng'ambo, kwenye kiwanja cha bibi mdogo, kuna nyumba kubwa yenye paa jekundu la msauzi, yale mabati ya kisasa. Ni ya yule wa Mikese. Kwetu ardhi inapita upande wa mama, na bibi mdogo alimwachia yeye kwa sababu yeye ndiye aliyebaki. Mimi nilikwenda shule, nikapata kazi, nikapata mume, nikawa mtu wa Kilakala wa kuja na mkate na sukari. Nikaliangalia lile paa na kile kitu kikanipanda kifuani, nikasema kimoyomoyo, haya mama, paa zuri, hongera. Halafu nikacheka peke yangu, kwa sababu nilimsikia bibi: mti una heshima. Wivu wangu si wa paa. Wala si gauni, wala si asali, wala si zile dhambi zilizofutwa bure. Bibi alipougua yeye ndiye aliyemkanda magoti. Bibi alipoomba maji ya mwisho, yeye ndiye aliyeshika kata. Mimi nilifika kaburi limeshafukiwa. Hilo ndilo ninalomwonea wivu, na miaka yote hii sikumwambia.

Akatoka nje kwake, mnene sasa, kajitanda khanga. Akaniona. Akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti bonde zima likasikia.

"Weee! Unamkataa nani huko?"

"Macho yako kwako!" nikakosea kwa kucheka na kulia, nikarudia vizuri. "Macho yangu yako kwako!"

 Alielewa, kama alivyoelewa siku ile. Kisha akaita tena.

"Basi njoo! Maji yapo!"

Nikateremka. Zamani ukivuka mto ule ulilowa mpaka magotini, kama bibi mdogo alivyolowa siku ile. Sasa kule juu miti imekwisha, mto umebaki uzi, watu wanauruka na viatu vyao na safari inaendelea. Mimi nikavua viatu.